Chasisi ya Land Rover iliyobeba samaki: osha ndani kabla hujapaka nje

*Shikamoo fundi. Nina Land Rover 110 ya 1996, injini ya 300Tdi, niliyoachiwa na marehemu baba. Kwa miaka sita imekuwa ikibeba samaki na barafu kutoka Pangani hadi Tanga mjini. Wiki iliyopita tulitaka kubadilisha tairi la nyuma, jeki ikazama ndani ya chasisi kama kisu kwenye papai bivu. Fundi wangu anasema apige pleti hapo, kisha apake oili chafu au lami chini yote, biashara iishe. Jirani ananiambia niiuze mapema kabla haijakatika. Mimi siitaki kuiuza. Je, chasisi hii inaokoka? Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Gari la urithi haliuzwi kwa sababu ya tundu moja. Ila mzuie fundi wako asifungue hilo kopo la lami. Akilipaka leo, mwakani utakuwa na chasisi nzuri ya kutazamwa, nyeusi inayong'aa, huku ndani inaliwa kimyakimya.

Hukusema jeki ilizama wapi hasa. Nabahatisha ni mhimili wa mwisho kabisa nyuma, ule wa kukatisha wenye kishikio cha kuvutia tela. Kwenye 110 huo ndio hutangulia kuoza dunia nzima. Kule Uingereza huuawa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, na kwako umeuawa na maji ya samaki yanayochuruzika kutoka mlango wa nyuma. Kama ni huo, shukuru Mungu, maana huuzwa peke yake ukiwa mpya, wa zamani hukatwa, mpya huchomelewa, na gari linarudi kazini. Kama jeki ilizama kwenye mihimili miwili mirefu, hasa karibu na zinapokaa springi za nyuma au zinapofungwa zile fimbo zinazoshika ekseli ya nyuma, hapo usiliendeshe tena mpaka limekaguliwa.

Kuna jambo moja ukilielewa, mengine yote yatafuata. Chasisi ya gari lako si chuma kigumu kama reli. Ni sanduku refu, bati lenye unene wa milimita mbili tatu lililokunjwa na kuchomelewa, na katikati ni uwazi mtupu. Nje lilipakwa rangi kiwandani. Ndani rangi ni kidogo, na baada ya miaka 20 na ushee ni kama haipo. Matope na maji huingia kupitia matundu na maungio, yakakaa humo. Kwa hiyo tundu unaloliona leo lilianza kuchimbwa kutoka ndani miaka kadhaa iliyopita. Ukipaka lami nje unapaka upande ambao adui hayuko.

Na adui wako ni chumvi kuliko maji yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Maji yakikauka, chumvi inabaki imeng'ang'ania kwenye vinyweleo vya kutu. Watu hudhani gari likikauka kutu imesimama. Haisimami. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya mvuke kutoka hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, na ndani ya chumvi ya bahari kuna aina nyingine, magnesi kloraidi, inayoanza kunyonya hata kwenye asilimia 33. Usiku wa Tanga unavuka hapo bila jasho. Maana yake ni kwamba chasisi yako inajilowesha yenyewe kila usiku umelala, hata kama gari halijatoka uani. Maji hayo ya chumvi hupitisha umeme mdogo mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na huo umeme ndio unaokula chuma. Ndiyo maana Land Rover ya Dodoma yenye umri huohuo unaikuta na kutu ya juu juu tu.

Kwanza ujue umebaki na nini

Tafuta gereji yenye shimo, au inua gari na ulikalishe kwenye stendi za chuma, si jeki peke yake, na si matofali. Chukua nyundo ndogo na bisibisi pana ya zamani. Gonga chasisi taratibu, hatua ya kiganja kimoja kwa kila pigo, kuanzia mbele hadi nyuma, juu, pembeni na chini. Chuma kizima kinalia, "ngi". Kilichooza kinajibu kwa sauti ya bubu, "bwe", kama kugonga ndoo iliyojaa mchanga. Ukisikia bwe, sukuma bisibisi hapo kwa nguvu ya mkono. Ikizama, weka alama kwa chaki. Usione huruma, maana tundu litakalofunguka leo lilikuwa limeshaoza jana.

Kwenye 110 nenda moja kwa moja sehemu hizi: mhimili wa nyuma niliousema, juu ya tangi la mafuta, maana tope hukwama kati ya tangi na chasisi na halionekani mpaka tangi lishushwe, vikalio vya springi na vishikio vya shokapu, mikono inayotoka pembeni kushika bodi chini ya miguu ya dereva na abiria, na kila mahali palipowahi kuchomelewa pleti. Pleti za zamani zichunguze kwa sumaku pia. Sumaku isiposhika ujue kuna puti, yaani ule udongo wa kuzibia bodi, na nyuzi za faiba chini ya rangi. Niliwahi kukuta mkono mzima wa chasisi umefinyangwa kwa puti, umepigwa msasa vizuri mno, kazi ya sanaa kabisa, na ulikuwa umeshikilia bodi ya gari linalobeba abiria.

Ukimaliza, simama utazame alama za chaki. Kama ziko kwenye mhimili wa nyuma, mikono ya pembeni na mahali pamoja pawili penginepo, chasisi inaokoka. Kama mihimili mirefu imetoboka pande zote mbili kwenye mkunjo unaopanda juu ya ekseli ya nyuma, tafuta chasisi nyingine. Pleti juu ya pleti mahali pale ni kumdanganya mtu atakayekuwa amepanda nyuma.

Kuosha ndiko kazi ilipo

Sasa nikuambie kosa langu mwenyewe, usilirudie. Mwaka 1994, nikiwa bado kijana kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nililetewa pikapu ya mvuvi. Niliipiga burashi ya waya mpaka ikang'aa, nikaipaka praima nyekundu, nikaifunika na lami nzito tabaka mbili. Mwenyewe alifurahi, nami nilifurahi zaidi. Baada ya miaka miwili ikarudi. Nilishika pembe ya ile lami nikavuta, ikabanduka kama ganda la muhogo, na nyuma ya ganda kulikuwa na chuma kilichogeuka kurasa, unazifungua moja moja. Nilikuwa nimeifungia chumvi ndani, nikaifunika isipate hata jua. Rangi haikuwa mbovu. Sikuwa nimeosha.

Osha mara nyingi, siku tofauti, na uulize maji yanatoka wapi. Hili watu hawalifikirii. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari zinatumia visima hivyo. Yaonje kabla hujawasha pampu. Kama huwezi kuyapikia chai, usiyapige kwenye chasisi. Tumia maji ya bomba, au ukinge ya mvua. Nimekwisha kuwaambia wateja wangu watoe gari nje wakati wa masika, mvua kubwa iwasaidie, na wakadhani natania.

Siku ya kwanza ondoa grisi na oili iliyoganda. Pakaza dizeli au mafuta ya taa kwa burashi, acha nusu saa, kisha sugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, suuza. Petroli hapana, kila mwaka kuna gereji inayoungua kwa kazi hii. Halafu ingia kwa presha kutoka chini, tope litoke kwenye kona zote. Angalia usilenge mdomo wa presha kwenye sili za ekseli, altaneta na vile vipumulio vidogo vya difu (gia za katikati ya ekseli), maana maji yakiingia difu utanikumbuka kwa ubaya.

Kisha ndani. Chasisi ina matundu ya kutolea maji upande wa chini na mengine pembeni. Mengi utayakuta yameziba, na lililoziba ndilo lenye kisima nyuma yake. Yazibue kwa waya mgumu. Ingiza mpira wa maji kwenye tundu la mbele, fungua, na utazame kinachotoka nyuma. Kwanza utaona uji mweusi, kisha mchanga, magamba ya kutu, magamba ya samaki pia, usishangae, kisha maji ya rangi ya chai. Endelea mpaka yatoke meupe, kisha endelea robo saa nyingine. Pumzisha siku moja, rudia. Kwa gari kama lako ningeosha ndani mara tatu kwa wiki moja. Kuwa makini na jambo moja: kwenye Land Rover hizi nyaya za umeme za taa za nyuma hupita ndani ya chasisi yenyewe. Usisokomeze chuma ovyo, na kama ala ya nyaya imechakaa, ni wakati mzuri wa kuzitoa na kupitisha mpya.

Utajuaje kwamba chumvi imetoka? Safisha kipande kidogo mpaka chuma kionekane, uache usiku mmoja chini ya paa. Asubuhi ukikuta wekundu mwepesi sawasawa, huo ni umande tu. Ukikuta vidoa vyeusi vyenye majimaji, kama vinatoka jasho, chumvi bado imo kwenye mashimo madogo. Rudi kwenye maji.

Kukausha, kukwangua, na kuchomelea

Acha likauke siku mbili tatu juani, upulize ndani kwa kompresa. Kama unaweza kuchagua, fanya kazi hii Januari au Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa mbali. Usijaribu kati ya Machi na Mei.

Kukwangua nje hakuna siri. Magamba mazito yatoe kwa nyundo na tindo, kisha grainda yenye burashi ya kikombe, kisha msasa mahali grainda haifiki. Vaa miwani ya kuziba pembeni, maana nyuzi za burashi hukatika na kuruka kama mishale, nami nina kovu chini ya jicho la kushoto. Wapo wanaopendekeza kupiga kwa mchanga. Ni njia safi kuliko zote ikifanywa na watu wenye vifaa, lakini usikubali mchanga wa ufukweni. Ni chumvi ileile unarudishiwa kwa nguvu ya kompresa, na vumbi la mchanga mkavu huharibu mapafu ya anayepiga na ya jirani yake.

Kuchomelea kunafanyika sasa, kabla ya rangi na kabla ya nta. Mpangilio huu usiubadilishe. Moto wa kuchomelea huunguza chochote kilichopakwa upande wa pili, na nta iliyomo ndani ya sanduku hutoa moshi unaoweza kuwaka. Shusha tangi la mafuta kabisa, toa waya za betri iliyo chini ya kiti cha mbele na uchomoe altaneta. Paipu za breki zinazopita kando ya chasisi zifungue uziweke pembeni. Na zikiwa zimeshika kutu, zibadilishe hapohapo, usizirudishe.

Pleti iwe ya unene sawa na chasisi, milimita mbili hadi tatu. Mafundi wetu hupenda kuchukua chuma kinene cha geti, kisha kinene kile hakikunjiki na bati jembamba pembeni yake linapasuka. Kata sehemu yote iliyooza mpaka ufike chuma kinacholia, usiweke pleti juu ya kutu. Ncha za pleti zikatwe mshazari au mfano wa almasi, zisisimame wima kukatisha mhimili, kwa sababu mstari wa weldi uliosimama wima ndipo chasisi itakapokatikia siku ya shimo kubwa la barabarani. Mashine ya waya na gesi, yaani MIG, ni bora. Kama fundi wako ana ya fimbo tu, atumie fimbo nyembamba za milimita 2.5, apunguze moto, apige vipande vifupi kwa kuruka huku na huku, chuma kisijikunje.

Na asizibe matundu ya kutolea maji! Nimeona hili mara nyingi mno. Mtu anayaona, anadhani ni kutu, au anajisemea maji yasiingie, anayachomelea yote. Maji huingia hata hivyo, kwa juu. Kazi ya matundu yale ni kuyatoa.

Nini kipakwe nje

Hapo sasa ndipo ubishi ulipo, na kila gereji ina dini yake.

Dawa za kugeuza kutu zinafanya kazi, lakini si ile watu wanayoitarajia. Nyingine zina asidi ya fosforiki, zinageuza kutu nyembamba kuwa fosfeti ya chuma, kijivu au nyeusi. Nyingine zina tanini, ileile iliyomo kwenye gome la mkoko ambalo watu wa pwani walilitumia kutengenezea ngozi za wanyama na kutia rangi. Zote zinafaa kwa kutu iliyoshikamana, nyembamba, kwenye vishimo ambavyo burashi haikufika. Ukizipaka juu ya magamba, zinageuza ngozi ya juu tu na chini maisha yanaendelea. Jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi: mabaki ya asidi yasiposuuzwa au kufutwa kama maelezo ya kopo yanavyotaka, praima ya epoksi haishiki, inabanduka vipande vipande.

Baada ya hapo mimi natumia epoksi ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na hadina, kutoka maduka yanayouzia watu wa meli na boti. Hao wanajua chumvi. Praima nyekundu ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi ni nzuri kwa dirisha la nyumba. Ikiachwa peke yake inapitisha unyevu, na kwenye chasisi ya pwani haifikishi mwaka wa tatu. Praima yenye zinki nyingi nayo ni nzuri sana, kwa sababu zinki huliwa badala ya chuma, kama kwenye bati la paa. Ila inataka chuma cheupe kabisa. Zinki isipogusa chuma, hiyo ni rangi ya kijivu tu ya bei kubwa.

Futa chasisi kwa tina na kitambaa safi, badilisha kitambaa mara kwa mara, usipake uchafu upande wa pili. Halafu, kabla ya kupaka eneo lote, chukua brashi ndogo upitie kingo zote, mistari ya weldi, na kuzunguka kila tundu na bolti. Rangi mbichi hukimbia kingo kali, ikabaki nyembamba pale, na kutu huanzia palepale. Kwenye meli huwa hawaruki hatua hii. Baada ya hapo tabaka la kwanza la jumla, kisha la pili kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Changanya kidogo kidogo, maana kwa joto letu epoksi iliyokwisha kuchanganywa inaganda mkononi huku unaangalia. Anza saa nne asubuhi umande ukiwa umepanda, na uache kabla ya saa tisa alasiri. Chuma kinatakiwa kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutoa umande, kwa nyuzi tatu hivi. Asiye na kipimo agusie shavu, akihisi ubaridi wa maji asubiri.

Sasa lami ya fundi wako. Si haramu. Juu ya epoksi nzima, kwenye matao ya magurudumu ambako kokoto hurushwa, tabaka la lami laini lenye mpira linasaidia. Ubaya wake ni kwamba ikizeeka inakauka na kupasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayatoki, na wewe huoni kitu kwa sababu juu pamefunikwa. Kwa gari la samaki napendelea chini pawe na rangi inayoonekana, hata ya kijivu, ili ukipitisha tochi uone doa la kutu siku lilipozaliwa. Hiyo nyeusi tupu inawapendeza zaidi wauzaji wa magari. Siku ukienda kununua gari ukakuta chini limepakwa weusi jana, peleka bisibisi.

Na oili chafu. Wazee wetu waliipaka, na magari ya bara yalidumu, nakubali. Lakini yalidumu kwa sababu bara hakuna chumvi. Oili iliyotoka kwenye injini ina asidi na masizi ya mwako, inavimbisha bushi za mpira, inadondoka uani na kuingia ardhini, na vitu vilivyomo si vya kugusa kwa mikono mitupu miaka yote, vinaleta saratani ya ngozi. Zaidi ya hayo, siku ukitaka kupaka rangi ya maana, hakuna kitakachoshika pale. Kama lazima upake oili, paka mpya. Mafuta ya mnyororo wa msumeno wa injini yanang'ata chuma vizuri na hayachuruziki upesi, lakini utarudia kila mwaka.

Ndani ya sanduku

Ndani huwezi kupaka rangi, hivyo ndani panataka nta. Zipo za makopo zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Waxoyl ya Waingereza, na zipo zinazotokana na lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Zinanyunyizwa kwa mpira mwembamba wenye kichwa kinachotawanya pande zote. Kama nta ni nzito, tia kopo kwenye ndoo ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko. Sukuma mpira mpaka mwisho wa chasisi, bonyeza, kisha uvute pole pole, hatua ya mkono kwa kila pumzi mbili. Ingia kwa kila tundu, mihimili ya kukatisha isisahauliwe, na ule mpya wa nyuma kuliko yote. Lita tano hutosha 110 nzima na kubaki kidogo cha milango. Nta itachuruzika kwenye matundu ya chini siku mbili nzima, na hilo ndilo unalolitaka, kwani inaonyesha imefika. Siku ya tatu pita na waya tena uyazibue, maana nta nayo huziba.

Msikilize mtu akikuambia gari jipya halihitaji haya yote, kisha mwambie habari za Marekani. Mwaka 2016 Toyota, bila kukiri kosa, ilikubali makubaliano ya mahakamani yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, kwa sababu ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia, kama magari milioni 1.5, zilizodaiwa kuoza mapema mno. Na haya mengi tunayoletewa kutoka Japani, yale yaliyotembea mikoa ya theluji yanakuja na chumvi yao ya barabarani tayari ndani.

Maji ya samaki

Yote haya yatadumu miaka miwili kama maji ya barafu yataendelea kuchuruzika palepale. Sanduku la samaki liwe na sakafu ya faiba yenye mwinamo, tundu moja tu, na mpira wa maji unaoshuka mpaka chini ya usawa wa chasisi na kutoka nje kabisa nyuma. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, na alumini ikigusana na chuma kwenye maji ya chumvi inaliwa yenyewe; ule unga mweupe unaouona kwenye maungio ndio huo. Kama ulilazimika kuinua bodi, ukiirudisha weka vipande vya mpira katikati na nta kwenye kila bolti. Na kila safari ikiisha, kabla hujaenda kulala, dakika tano za maji ya bomba kuanzia mlango wa nyuma kwenda chini.

La mwisho, nalisema mwisho kwa sababu mafundi hulikumbuka wamechelewa. Namba ya chasisi imegongwa kwenye mhimili wa kulia mbele, karibu na springi. Grainda isipite hapo hata kidogo. Isafishe kwa mkono, kwa burashi laini na dizeli, ipige picha siku hiyohiyo, kisha uifunike kwa nta nyepesi inayopitisha macho, si rangi. Siku ya kubadilisha kadi kutoka jina la mzee kuja jina lako, mkaguzi atainama pale na tochi.